Mate Yaliyooshwa kwa Munyu

Mama aliacha kwenda kliniki mwezi wa pili, na mimi nikajua mwezi wa tano, tulipokuwa tukipalilia mahindi nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Kitale. Niliuliza tu anarudi lini kupimwa figo. Hakuinua kichwa.

"Kupimwa nini? Hiyo damu wamechukua miaka tatu. Kama ni ya kujua, si wangekuwa wamejua?"

Figo zake zilidhoofishwa na presha kabla hatujajua kwamba ana presha. Daktari alimwambia wazi kwamba hazitarudi zilivyokuwa, lakini zikiangaliwa mara kwa mara, na dawa zikibadilishwa mapema zinapoonyesha kuchoka, anaweza kuishi nazo miaka mingi bila kufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Kila kitu kilisimama juu ya neno hilo, kuangaliwa. Na kuangaliwa kulimaanisha sindano. Mishipa ya mama hujificha. Mara ya mwisho walimdunga mara tano, mikono yote miwili, hadi nesi kijana aliyekuwa akimhudumia akaanza kutokwa jasho na ikabidi mama ndiye amtulize. Wiki nzima alivaa sweta la mikono mirefu, kanisani na sokoni, jua liwake lisiwake.

"Dawa nakunywa," alisema. "Nimekataa tu kutobolewa kama kiazi."

Nilimweleza habari za figo mpaka tukamaliza mstari mzima wa mahindi. Nilikuwa na shahada ya biokemia na sikuwa na kazi, kwa hiyo maelezo nilikuwa nayo mengi. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akaniuliza kama katika hayo yote niliyosomea hakukuwa na njia nyingine ya kujua mambo ya ndani ya mtu isipokuwa kwa kumtoboa. Nilisema hapana. Baadaye, nikiosha jembe, nilijiuliza nimejuaje kwamba ni hapana, na nikaona sikuwa nimejua. Nilikuwa nimesema tu.

Mwezi uliofuata niliona tangazo la kazi Bungoma. Mradi mdogo wa utafiti ulikuwa ukijaribu vijikaratasi vya kupima figo kwa kutumia mate. Nilicheka kwanza. Kisha nikaomba kazi hiyo siku ileile.

Mkuu wa mradi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, na alivipenda vile vijikaratasi kama mtu anavyopenda ng'ombe wake wa kwanza. Alinionyesha jinsi vinavyofanya kazi. Mwili ukishatumia chakula hubaki na taka inayoitwa urea, na kazi ya figo ni kuichuja itoke kwa mkojo. Figo zikichoka, urea hubaki kwenye damu, na kutoka kwenye damu huvuja kidogo kidogo hadi kwenye mate. Kijikaratasi kimepakwa kimeng'enya kinachoivunja urea iwe amonia, na amonia, kwa kuwa ina ukali wa aina ya magadi, huigeuza karatasi kutoka manjano kuwa kijani. Manjano, figo zinafanya kazi. Kijani hafifu, kuna neno. Kijani iliyokolea, mtu aende akatolewe damu haraka.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Nilimwambia naona njia ni ndefu sana kutoka kwenye figo hadi mdomoni, na mtu anaweza kupotea katikati. Alisema ndiyo maana wananitaka mimi, nikae hapo katikati niangalie anayepotea.

Nyumbani nilisema nimepata kazi ya maabara.

*

Maabara yenyewe ilikuwa viti vya plastiki na mabenchi ya watu katika vijiji vya Kabuchai, nje ya mji wa Bungoma, miwa ikiwa upande huu na mahindi upande ule. Mtu anakaa, anainamisha kichwa, anaacha mate yajikusanye kisha anayateremsha kwenye kikombe, bila kukohoa wala kuvuta makamasi. Dakika tano. Ni muda mrefu kwa mtu mzima kutema mate mbele ya mgeni. Wengine mdomo uliwakauka kwa aibu, nami nikawa nawatajia ndimu, ndimu iliyokatwa, yenye chumvi, mpaka wakacheka na mate yakaja. Haikuchukua siku nyingi kabla sijapewa jina.

"Niaje, Mate," vijana wa kupakia miwa waliniita nikipita karibu na trekta lao. "Leo umebeba ya nani?"

Mzee mmoja aliniuliza kama wazazi wangu wanajua. "Walilipa shule yote hiyo ndio ukuje kuokota mate huku kwetu?"

"Wanajua," nikasema.

"Hawajui," akasema, akainamia kikombe.

Kulikuwa na jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Mate ya mtu hayaachwi ovyo. Anayekutakia mabaya anaweza kuyafanyia kazi, na anayekutakia mema pia huyatumia. Nyanya wa pale humtemea mjukuu mate mepesi kifuani anapokwenda kufanya mtihani, na mjukuu hajifuti. Kwa hiyo kikombe changu hakikuwa kitu chepesi kama nilivyodhani. Mkuu wa mradi alitaka tuyabebe mate kwenye kisanduku cha barafu hadi Bungoma, na siku ya kwanza nyumba tatu zikatufungia mlango, kwa heshima, wakisema wanaenda shambani. Mimi siamini uchawi. Lakini nilijiuliza kama ningekubali mgeni aondoke na kitu kilichotoka mwilini mwangu bila kunieleza kinakwenda wapi, na nikaona nisingekubali. Tukabadilisha. Kijikaratasi kikasomwa palepale, mwenye mate akaona rangi kwa macho yake, kisha akamwaga yaliyobaki katika boma lake mwenyewe na kuyafukia kwa mguu. Baada ya hapo milango ilifunguka.

Siku moja kabla ya sisi kufika, mhudumu wa afya wa kila kijiji alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasile wala kunywa saa nzima kabla ya kupimwa. Vijiji viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Manjano, manjano, kijani hafifu hapa na pale. Kisha tukaingia kijiji cha tatu.

Kila nilipochovya, kijani. Nyumba baada ya nyumba. Nilibadilisha pakiti ya vijikaratasi, nikajipima mwenyewe, nikapata manjano safi. Nikarudi kwenye vikombe vyao, kijani. Katika boma moja palikuwa na mama wa makamo, mwenye kishamba cha miwa, ambaye nilimkuta akipandisha mlima na mtungi wa lita ishirini kichwani akiimba. Kijikaratasi chake kilikolea kuliko vyote.

"Hiyo rangi ni mbaya?" akaniuliza.

Nilimjibu kama tulivyofundishwa, kwamba karatasi haisemi mtu ni mgonjwa, inasema tu aende Bungoma akatolewe damu. Aliitikia. Alimwaga mate yake chini ya mgomba, akayafukia, akabaki amesimama hapo akiutazama ule udongo.

Ofisini mkuu wa mradi hakutulia. Alizungumza juu ya dawa zinazonyunyiziwa miwa, akazungumza juu ya kisima, akataka tuchukue maji. Macho yalimng'aa. Nilimwelewa, maana kijiji kizima chenye figo zinazougua bila kujulikana ni jambo kubwa, na yeye ndiye angekuwa amelivumbua. Kisha majibu ya damu yakaanza kuja ofisini, kabla wenyewe hawajaambiwa. Ya yule mama yalikuwa mazuri. Ya jirani yake yalikuwa mazuri.

"Pengine mate yanaona mapema kuliko damu," alisema.

"Basi karatasi ikikubaliana na damu, iko sawa," nikasema. "Na ikikataa, imeitangulia damu. Sasa itakosea lini?"

Alivua miwani, uzi ukabaki umening'inia sikioni. Kisha akaniambia nirudi nikapime upya nyumba zote.

Nilikuwa nimesema kweli na sikufurahi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeanza kumwona mama akiwa jikoni kwake Kitale, kikombe mkononi, hakuna sindano, hakuna sweta. Kama karatasi ilikuwa inadanganya Kabuchai, ingedanganya na Kitale. Na mama alikuwa na miezi sita sasa bila mtu yeyote kujua figo zake zinasemaje.

*

Nyumba ya kwanza kwenye orodha yangu ya kurudia walikuwa wameenda matangani, kwa hiyo nilifika kwa yule mama mwenye kishamba cha miwa mapema kuliko tulivyopatana. Nilitokea kwenye njia ya katikati ya miwa, upande wa jikoni. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha bati, kichwa amekitupa nyuma, akisukutua koo kwa sauti kama anayejiandaa kuimba kwaya. Akatema kando maji ya rangi ya chai. Akajaza mdomo tena. Ndipo akaniona.

"Karibu, daktari," alisema alipomaliza. "Ngoja kidogo, sijamaliza kukutengenezea."

"Kunitengenezea nini, mayi?" Nilikuwa nimejifunza kuwaita mayi, mama.

"Si mate."

Nikamwuliza ni nini hicho kikombeni.

"Munyu. Kwani kwenu hamna?"

Kwetu hatuna, lakini nilikuwa nimeula Kabuchai karibu kila siku bila kufikiri. Maganda makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, maji yanamiminwa juu, na kinachodondoka polepole ni maji ya kahawia yanayolainisha mboga ngumu kama kunde. Huo ndio munyu. Kila jiko pale lina chupa yake.

"Na unasukutua nao kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga. "Ati kwa nini. Mgeni anatoka Bungoma, anakuja kuchukua mate, wewe unampatia ile imelala kwa mdomo? Si utaenda kusema huyu mama ni mchafu?"

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Mhudumu alisema mate ikuwe safi. Sasa safi si ndio hii? Hapa kila mtu anafanya. Wengine wanatumia majivu na kidole, rakini munyu ndio inatoa kabisa."

Nilikaa kwenye jiwe la kuogea. Amonia hugeuza karatasi kwa sababu ya ukali wake, na munyu una ukali wa aina ileile, umetoka kwenye majivu. Karatasi haina namna ya kuuliza ukali umetoka wapi. Nilimwomba matone machache, nikachovya kijikaratasi moja kwa moja kwenye kikombe cha bati. Kilikolea papo hapo, kijani kama jani la kunde.

Yule mama aliinama akakitazama kwa makini.

"Kwani munyu yangu iko na ugonjwa wa figo?"

Sikutaka kuamini jambo kwa sababu tu linanipendeza, kwa hiyo nilimwomba tena munyu, nikasukutua mwenyewe. Ni mchungu, na unateleza kama sabuni. Nilitema kwenye kikombe changu, nikachovya. Mimi niliyekuwa manjano ofisini nikawa mgonjwa kuliko kijiji kizima.

"Karibu kwa kikundi," akasema.

Nilimwomba asuuze mdomo kwa maji matupu, mara tatu, kisha tukae saa nzima. Tulikaa. Alichambua maharagwe, mimi nikamsaidia, hakuna aliyekunywa chai, na kwake hilo lilikuwa gumu kuliko kupimwa, kumkalisha mgeni bila kumpa kitu. Saa ilipokwisha akatema. Nilichovya, tukasubiri wote wawili tukiitazama karatasi.

Manjano.

Alikishika kijikaratasi akakigeuza huku na huku. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nimekula mboga bila munyu, bila chumvi. Mhudumu aliniambia figo haitaki chumvi. Nimekula nyasi, bana. Usiku naamka nasikiliza mgongo, naambia Mungu anipatie tu mpaka huyu wa mwisho amalize shule. Na ni munyu."

Niliomba radhi. Nilisema kosa ni letu, tuliwaambia wasile wasinywe na hatukuuliza wanafanya nini. Alirudia kuyachambua maharagwe, akayachambua yaliyokuwa tayari yamechambuliwa.

"Utazunguka hizo nyumba zote uwaambie," alisema mwishowe. "Wewe mwenyewe. Mimi nikisema watasema najitetea. Rakini kwanza utakula."

Alipika kunde, akamimina munyu mwingi bila kupima, na tulikula na ugali hadi sufuria ikabaki tupu. Kisha nikazunguka. Nyumba moja walinifukuza kwa maneno, nyingine walicheka mpaka majirani wakaja, na katika kila boma nililazimika kuonyesha upya, munyu kwenye karatasi, karatasi kuwa kijani, kwa sababu hawakukubali kusikia tu. Niliwapenda kwa hilo.

Mhudumu wa afya wa kijiji cha tatu alikuja ofisini amenuna kwa aibu. "Mimi nilisema tu safi."

Mkuu wa mradi alimpa kiti. Alisema neno hilo alikuwa ameliandika yeye mwenyewe kwenye maelekezo, safi, na hakuwahi kujiuliza safi ni nini kwa nani. Wahudumu wa vijiji viwili vya kwanza hawakuwa wamelitaja. Aliongeza kwenye fomu swali la munyu, na la majivu, na tangu siku hiyo watu walisuuza mdomo mbele yetu kwa maji matupu na kukaa nasi saa nzima kabla ya kutema. Kazi ikawa ya polepole na yenye soga nyingi. Kijiji cha tatu kikarudi kuwa manjano. Isipokuwa mzee mmoja, mwenye duka la kinyozi pale sokoni, ambaye alisuuza na kukaa na kusuuza tena, na bado akatoka kijani. Damu yake ikasema vilevile. Alianzishiwa dawa wiki hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini karatasi, kiasi.

*

Mkuu wa mradi alikubali mama aingie kwenye utafiti kama mtu mwingine yeyote, kwa fomu na sahihi. Nilipanda Kitale Ijumaa na pakiti moja kwenye mkoba.

"Kwa hivyo maabara ndiyo hii," mama alisema. Nilikuwa nimemweleza yote, hata jina la Mate. "Nilikuambia utafute njia, sikusema uniombe mate."

"Ulisema njia yoyote isiyo ya kutoboa."

"Mimi na mdomo wangu." Aliisoma fomu yote, mbele na nyuma. "Na hao watu wa Kabuchai, waliidanganya na maji ya majivu. Mimi itanidanganya na nini?"

"Hujui kupika munyu."

"Jibu swali, mami." Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo.

Nilijibu. Chochote kikali mdomoni, dawa ya meno, magadi, hata fizi zinazotoka damu. Na hata mdomo ukiwa msafi, karatasi haitoi hesabu kamili kama damu. Inaonyesha kupanda na kushuka. Ni ya kuangalia mtu yuleyule, wiki kwa wiki. Alinihoji hivyo mpaka saa ya kusubiri ikaisha yenyewe, kisha akainamisha kichwa juu ya kikombe.

Kijani hafifu. Aliweka kijikaratasi dirishani, akakitazama kwa mwanga wa nje.

"Na damu ingesema aje?"

"Sijui. Pengine hivyo hivyo."

"Pengine," alisema. "Umenilisha pengine tu tangu ufike." Akakirudisha kijikaratasi mezani. "Jumatatu twende tuiulize hiyo damu. Siwezi kuamini mate yangu kwa sababu tu haijanitisha."

Nilikuwa nimekuja kumwepusha na sindano, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka huko. Jumatatu alivaa sweta na kofia ya sufu. Nesi alikuwa mwingine, mama mtu mzima, aliyempa maji anywe na kumwambia ashike kikombe cha moto kwa viganja vyote viwili kwa muda. Ya kwanza haikuingia. Ya pili iliingia. Mama aliangalia damu ikijaa kwenye chupa bila kugeuza uso, kama mtu anayesimamia kazi.

Majibu yalisema figo zimeshuka kidogo tu tangu mwezi wa pili. Hazikuwa nzuri, lakini hazikuwa zimekimbia. Daktari alikiangalia kijikaratasi, akaangalia majibu, akasema vinaongea lugha moja. Alimwambia mama akitaka aendelee na mate kila wiki, na damu baada ya miezi mitatu badala ya kila mwezi.

"Miezi mitatu naweza," mama alisema.

Basi Jumamosi zake zikapata kazi mpya. Kabla ya chai anasuuza, anakaa kibarazani saa nzima akikoboa mahindi au akisoma gazeti la juzi, anatema, anachovya, anaandika. Majina ya rangi yaliyokuwa kwenye chati yetu aliyakataa, akasema hayaeleweki. Daftari lake lina majina yake: ndizi mbivu kwa manjano, parachichi kwa kijani hafifu, sukuma wiki kwa kijani iliyokolea. Yeye ni parachichi. Ananipigia simu Bungoma kuniambia, "Leo ni parachichi, lakini ya kuiva," nami naandika parachichi.

Mwezi wa kumi walivuna. Sikwenda, tulikuwa na kijiji kipya. Jumatatu moja, katikati ya asubuhi, nikiwa na mtu aliyeinamia kikombe, simu ikalia.

"Niko kliniki," mama alisema. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi na mtoto akilia.

"Nani amekupeleka?"

"Miguu. Jumamosi ilitoka sukuma. Nikasafisha mdomo, nikakaa, ikatoka sukuma. Jana pia, nikakosa kanisa nikiingoja. Nikajiuliza ni nini nimeweka kwa mdomo, hakuna kitu. Halafu nikajiuliza ni nini nimemeza. Nikakumbuka zile tembe za mgongo. Tangu tuanze kuvuna nakunywa asubuhi na jioni."

Nilijua tembe hizo. Zinauzwa kila duka, na kwa figo zilizochoka ni mzigo. Nilikuwa nimemwonya juu ya chumvi, nyama na magadi, na tembe za mgongo hazikunijia akilini.

"Daktari amesema niziache," aliendelea. "Amebadilisha ile dawa moja ya presha. Ati nirudi baada ya wiki mbili. Nimemwuliza kwa nini mbili na si moja. Ameeleza vizuri."

"Wamekudunga?"

"Mara tatu. Nimewaambia waanze na mkono wa kushoto, si wakajifanya wanajua."

"Nije?"

"Ukuje kufanya nini? Nimeshamaliza. Nangoja tu dawa, kuna watu wanne mbele yangu na mmoja ananunanuna kama amelazimishwa." Alishusha sauti. "Nimemwambia kuna kitu ya mate. Hataki kuamini. Nimempatia namba yako."